Herufi moja tu iliyokosewa: Jinsi seli za maabara zilivyofichua siri ya kansa ya kibofu

Umewahi kutuma pesa kwa simu ukakosea tarakimu moja? Zile zingine zote ziko sawa, lakini pesa zimeingia kwa mtu usiyemjua, na sasa uko kwa laini ukibembeleza zirudishwe. Mwili wako nao unaweza kukosea hivyo hivyo, na kosa dogo la aina hiyo likazaa kansa.

Ndani ya karibu kila seli yako kuna maandishi yanayoitwa DNA. Yanatumia herufi nne tu, A, T, G na C, lakini herufi hizo zimepangwa kwa msururu wa takriban bilioni 3. Kila seli inapojigawa, lazima inakili msururu huo wote. Makosa hayakosi. Mara nyingi mwili huyaona na kuyarekebisha mapema. Shida huja pale kosa moja linapoponyoka na kuangukia mahali pabaya.

Sasa, unajuaje ni herufi gani imekosewa kati ya bilioni 3? Jibu lilianzia kwa nyanya mmoja wa Uswidi.

Seli zisizochoka

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanasayansi walichukua kipande cha uvimbe kutoka kwa kibofu cha mkojo cha mwanamke mmoja wa Uswidi aliyekuwa na zaidi ya miaka 80. Wakazitia seli zake ndani ya chupa, wakazilisha, wakangoja. Seli za kawaida zikitolewa mwilini hujigawa kwa muda kisha huchoka na kuacha. Hizi zilikataa kuchoka. Zilipewa jina T24, na hadi leo, zaidi ya miaka 50 baadaye, bado zinakuzwa katika maabara nyingi duniani.

Usifikirie ni mitambo ya sinema. Ukiingia kwenye maabara kama hiyo utakuta chupa bapa za plastiki zenye maji ya rangi ya waridi. Ndani ya maji hayo kuna sukari, chumvi, vitamini na majimaji yaliyotolewa kwa damu ya ndama. Chupa hulazwa ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37, sawa na joto la mwili wako. Zikipata chakula na nafasi, seli za T24 huongezeka maradufu kwa muda wa siku moja hivi. Zile za akiba hugandishwa ndani ya nitrojeni kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na miaka ikipita zinaweza kuyeyushwa na kuendelea na maisha kama kawaida.

Faida yake ni gani? Mgonjwa huwezi kumjaribia kila kitu. Lakini seli ndani ya chupa unaweza kuzibadilisha, kuzinyima chakula, kuzimwagia dawa, hata kuziua, kisha ukarudia kesho na nyingine zilizo sawa nazo.

Kosa la kiungo cha 12

Ifikapo mwanzo wa miaka ya 1980, vikundi vitatu nchini Marekani vilikuwa mbioni. Kimoja kiliongozwa na Robert Weinberg wa chuo cha MIT, kingine na Mariano Barbacid wa Taasisi ya Kitaifa ya Saratani, na cha tatu na Michael Wigler wa maabara ya Cold Spring Harbor. Wote walitaka kujua ni kipi ndani ya seli hizi kinachozifanya zisijue kusimama.

Njia yao ilikuwa rahisi kueleza, ngumu kufanya. Walitoa DNA kwa seli za kansa ya kibofu na kuiingiza kwa seli za panya zilizokuwa zikikua kwa adabu. Seli zenye adabu zikigusana huacha kujigawa. Lakini baadhi ya zile zilizopokea DNA ya kansa zilianza kupandana, moja juu ya nyingine, kama abiria wanaogombania matatu ya mwisho usiku wa mvua. Basi ile jeni mbaya ilikuwa imo humo. Wakaikatakata DNA hadi wakabaki na jeni moja, inayoitwa sasa HRAS.

Mwaka 1982 wakailinganisha na HRAS ya seli zisizo na kansa. Tofauti iliyoleta balaa ilikuwa herufi moja tu. Palipostahili kuwa na G, palikuwa na T.

Herufi hiyo moja ilibadilisha kiungo cha 12 kati ya viungo 189 vya protini ya HRAS. Kazi ya protini hii ni kama swichi. Inawaka seli ikiambiwa ijigawe, halafu inazima. Kiungo cha 12 kikibadilika, swichi inakwama ikiwa imewaka. Seli inaendelea kupokea amri ya kujigawa, mchana na usiku, hata kama hakuna aliyeitoa.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa kosa la herufi moja kuonekana ndani ya jeni inayochochea kansa ya binadamu. Kabla ya hapo, wengi walikuwa wakibahatisha.

Chupa mbili, mgonjwa mmoja

Lakini kuna kitu kilichowapiga chenga. Baadhi ya watafiti walitumia seli zilizoitwa EJ, zikidhaniwa zimetoka kwa mgonjwa mwingine kabisa. Zilipoonyesha kosa lile lile la T24, ilionekana kama ushahidi kutoka kwa watu wawili. Mwaka 1983 vipimo vikaonyesha kumbe ni seli za T24 zilizobandikwa lebo tofauti. Seli za chupa moja zilikuwa zimeingia nyingine bila mtu kugundua.

Kosa la HRAS lenyewe lilikuwa la kweli. Ila hesabu ya wagonjwa ndiyo ilikuwa imedanganya. Ndiyo maana siku hizi maabara makini hupima alama za DNA za seli zake, karibu kama polisi wanavyotambua mshukiwa, kabla ya kutangaza lolote.

Tena ikaja kujulikana kwamba kosa la HRAS hupatikana kwa wagonjwa wachache tu wa kansa ya kibofu. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa waliripoti jeni nyingine, FGFR3, ambayo huharibika mara nyingi zaidi, hasa kwa uvimbe ambao haujazama kwenye msuli wa kibofu. Seli zenye hitilafu hiyo zikakuzwa na kumwagiwa dawa za kuzima swichi yake. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha vidonge vya erdafitinib kwa wagonjwa ambao kansa yao imesambaa na vipimo vimeonyesha jeni za FGFR zimeharibika. Kumbuka hilo: dawa hiyo haipewi kila mtu. Lazima herufi zako zisomwe kwanza.

Na sisi je?

Hapa ndipo mambo yanakuhusu wewe uliye Nairobi, Mombasa au Kisumu. Seli nyingi zinazotumika maabarani duniani zilitoka kwa wagonjwa wenye asili ya Uropa. Lakini kansa hii haiji kwa mlango mmoja. Kule Uropa na Marekani, chanzo kikuu kinachojulikana ni sigara. Moshi huingia kwa damu, figo huchuja sumu yake, halafu sumu hiyo inakaa kibofuni kwa saa kadhaa ikisugua ukuta wake hadi uende choo.

Hapa kwetu sigara zipo, lakini kuna mlango mwingine: kichocho. Kwale, Kilifi na Tana River, watoto huogelea na kuchota maji kwenye mabwawa na mito yenye konokono wanaobeba minyoo hiyo. Mayai yake hukwama kwenye ukuta wa kibofu na kuuchokoza miaka nenda miaka rudi. Tangu 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiorodhesha minyoo hiyo miongoni mwa visababishi vya kansa. Na kansa inayotokana nayo mara nyingi si ya aina ile ya nyanya wa Uswidi. Sasa niambie, dawa iliyojaribiwa kwa seli za huko itajuaje za huku?

Suluhu ni sampuli zaidi kutoka Afrika. Lakini sampuli bila heshima ni wizi. Henrietta Lacks, mama Mmarekani Mweusi, alichukuliwa seli zake mwaka 1951 bila kuombwa ruhusa, na zikasambaa duniani kwa jina HeLa. Kwa hivyo daktari akikuomba kipande cha uvimbe au mkojo kwa utafiti, uliza: Kitafanyiwa nini? Kitapelekwa wapi? Nikibadilisha nia, naweza kujitoa? Mtafiti mzuri hatakasirika. Maswali hayo ni haki yako.

Angalia kabla ya kuflashi

Huhitaji maabara kuchukua hatua ya kwanza. Dalili kuu ya kansa ya kibofu ni damu kwenye mkojo, na mara nyingi haiumi. Inaweza kuonekana leo, ikapotea wiki mbili, ukajiambia imeisha. Usijidanganye. Inaweza kuwa maambukizi ya kawaida, inaweza kuwa kichocho, ambacho kina dawa ya vidonge, na kwa kijana uwezekano wa kansa ni mdogo. Lakini huwezi kujua kwa kukisia, wala kwa kuuliza mabeshte kwa WhatsApp.

Na kama ni baba au guka yako anayevuta sigara na umesikia akilalamika juu ya choo, usingoje aone aibu imwishe. Mwandamane hospitalini. Wanaume wanaugua kansa hii zaidi ya wanawake, na uvimbe ukipatikana mapema, kabla haujaingia msulini, daktari anaweza kuukwangua bila kung'oa kibofu.