Kinanda Bubu na Nyimbo za Sajini

Askari yeyote aliyepata kusimama gwaridani anafahamu ya kwamba mguu hauongozwi na amri ya mdomo peke yake. Amri huanzisha mwendo, lakini ngoma na tarumbeta ndizo ziudumishao. Ndiyo maana bendi ina heshima yake katika kila jeshi, na ndiyo maana hapa kwetu Rwanda halikuwa jambo la ajabu kwamba lahani ya wimbo wa Taifa, "Rwanda Nziza", uliopokewa rasmi tarehe 1 Januari 2002, ilitungwa na mwanajeshi wa bendi, Kapteni Jean-Bosco Hashakaimana.

Hata hivyo, si kila utungo wa askari unaopata bahati ya kuandikwa. Tungo nyingi huishi kichwani mwa mtungaji, na siku anapovua sare huondoka naye langoni. Habari tunayowaletea wasomaji wetu leo inahusu tungo tatu za namna hiyo, mzee mmoja wa bendi hapa Kigali, na kinanda kidogo ambacho kwa muda wa majuma matatu kilikataa kutoa hata mlio mmoja.

Mzee huyo ni sajini, mpiga tarumbeta wa miaka mingi. Hatumtaji jina kwa kuwa ndivyo alivyotuomba. Mpiga tarumbeta hutegemea midomo na meno ya mbele, na meno hayo yalikwisha kumwacha. Alikuwa amebakiza miezi michache kabla ya kustaafu, naye alikuwa na tungo tatu za mwendo wa gwaride ambazo hakupata kuziandikia noti hata moja. Tulipomwuliza kwa nini asizipige mluzi vijana wakaziandika, alicheka akasema, "Afande, mluzi nao unataka meno."

Basi tukachangishana fedha, tukanunua kibodi ya MIDI yenye vibonye 49, tukaazima kompyuta ya mkononi, tukaketi katika chumba kidogo jioni moja baada ya kazi. Waya ukachomekwa, taa ya kibodi ikawaka, sajini akaweka vidole vyake. Kimya. Akabonyeza tena kwa nguvu. Kimya kilekile. Mzee akainuka taratibu, akasema, "Afande, mmeninunulia kinanda bubu."

Kumbe alisema kweli kuliko alivyodhani. Kibodi ya namna hii haina sauti ndani yake. Haifanani na gitaa wala na kinanda cha kanisani. Kazi yake ni kupeleka amri. Unapobonyeza kibonye, hutuma ujumbe mfupi wenye mambo matatu: kwamba noti ianze, na katika chaneli gani kati ya 16; ni noti ya namba ipi; na imepigwa kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 hadi 127. Noti ya do iliyo katikati ya kinanda, kwa mfano, ni namba 60. Unapoinua kidole, ujumbe mwingine hutumwa kuamuru noti inyamaze. Sauti yenyewe hutolewa na programu iliyomo ndani ya kompyuta. Kibodi ni mkuu wa gwaride. Ala iliyomo katika programu ndiyo kikosi. Mkuu akipaza amri uwanja ukiwa mtupu, hakuna mguu utakaoinuka.

Lugha hii ya amri ina historia yake. Zamani kila kiwanda cha vinanda vya umeme kilikuwa na utaratibu wake, na chombo cha kiwanda kimoja hakikuelewana na cha kingine. Mmarekani Dave Smith, wa kampuni ya Sequential Circuits, na Mjapani Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, walikuwa miongoni mwa walioongoza juhudi za kupata lugha moja. Januari 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko Marekani, kinanda cha kampuni ya kwanza kiliunganishwa na cha kampuni ya pili, vikaitikiana. Mwaka 2013 wote wawili walitunukiwa tuzo ya ufundi ya Grammy. Kakehashi alifariki mwaka 2017 na Smith mwaka 2022, lakini lugha yao ingali ikitumika katika studio kubwa na katika vyumba vya vijana wetu wa Kimironko na Nyamirambo.

Sasa turudi chumbani mwetu. Kosa letu lilikuwa la kawaida kwa kila anayeanza: tulihangaika huku na huko, leo tukibadili waya, kesho tukilaumu kompyuta, bila kufuata njia ya amri tangu kidoleni hadi sikioni. Kijana mmoja fundi wa mitambo ya mawasiliano ndiye aliyetuzindua. Alituuliza, "Afande, redio ikinyamaza porini mnaanza wapi?" Tukajibu kwamba tunakagua kituo baada ya kituo. Akasema, "Basi na hapa ni vivyo hivyo."

Kituo cha kwanza ni waya. Chomeka kibodi kabla ya kufungua programu, maana baadhi ya programu hazikitambui chombo kilichokuja baadaye. Kituo cha pili ni mipangilio ya programu: fungua sehemu ya MIDI, tafuta jina la kibodi yako, na uiruhusu iingize amri. Kuonekana kwa jina si ruhusa. Ni kama mgeni aliyeandikwa kwenye daftari la lindo lakini hajafunguliwa lango. Kituo cha tatu ni mkondo wa kurekodia: fungua mkondo mpya, weka ala ndani yake, iwe tarumbeta, piano au ngoma. Kituo cha nne, washa kitufe cha kuutayarisha mkondo huo kurekodi, na kile cha kuusikiliza, kisha hakikisha kwamba chaneli yake ni ile inayotumwa na kibodi. Kituo cha mwisho ni mahali sauti inapotokea: spika au vipokea sauti vya masikioni. Hivi vya masikioni tunavipendekeza, hasa usiku, ili ndugu zetu wa polisi wasiitwe na majirani kwa sababu ya kelele.

Sisi tulikutwa na hatia katika kituo cha tatu. Mkondo ulikuwepo, lakini hatukuwa tumeuwekea ala. Majuma matatu yalipotea kwa jambo la dakika moja.

Sauti ilipotoka, sajini alitabasamu, kisha akakunja uso. Akasema kwamba chombo kinamkawiza mguu. Ni kweli: alipobonyeza, mlio ulifuata nyuma. Jambo hili askari analifahamu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde; aliye mita 34 nyuma ya ngoma huisikia baada ya sehemu ya kumi ya sekunda, na kwa mwendo wa hatua 120 kwa dakika, hiyo ni sehemu ya tano ya muda wa hatua nzima. Ndani ya kompyuta ukawiaji hautoki kwenye waya, kwani ujumbe wa noti hupita katika muda usiozidi elfu moja ya sekunde hivi. Chanzo chake ni ghala dogo liitwalo bafa, ambamo kompyuta hukusanya vipande vya sauti kabla ya kuvitoa. Bafa ya vipande 2,048, kwa kasi ya vipande 44,100 kwa sekunde, hukawiza kwa elfu 46 za sekunde. Ile ya vipande 128 hukawiza kwa elfu 3 tu. Tulipoipunguza, na kuweka draiva ya sauti ya aina ya ASIO itumiwayo katika kompyuta za Windows, mguu wa mzee ukarudi mahali pake. Ila bafa ikiwa ndogo mno, kompyuta dhaifu huanza kutoa mikwaruzo. Hapo ipandishe kidogo.

Ajali nyingine ilikuwa noti iliyolia bila kikomo. Ujumbe wa kuianzisha ulifika, ule wa kuinyamazisha ukapotea. Programu nyingi zina kitufe cha kunyamazisha noti zote kwa mara moja. Kijue kilipo mapema, kama unavyojua ilipo njia ya kutokea katika jengo.

Tumejifunza pia kwamba mashine isiachiwe kila jambo. Programu ina uwezo wa kunyoosha noti zikae sawasawa kwenye mistari ya wakati. Tuliponyoosha utungo wa kwanza, sajini alisema, "Sasa umekuwa wa askari wa mbao." Kinanda nacho kimepangwa kwa hatua 12 zilizo sawa, ilhali mpigaji wa inanga hupanga nyuzi kwa sikio lake. Kwa hiyo kunyoosha kutumike kwa kiasi, na gurudumu la kupindisha sauti litumike inapobidi.

Neno moja kuhusu programu zenyewe. Wapo wanaotumia nakala za wizi. Haimfai mlinzi wa sheria kuanza utunzi kwa kuivunja. LMMS hutolewa bila malipo, na Reaper huruhusu kujaribiwa kwa siku 60 kabla ya kununuliwa.

Matokeo yalikuwaje? Utungo wa kwanza na wa pili umehifadhiwa. Kwa kuwa kilichorekodiwa ni amri wala si sauti, programu iliweza kuugeuza kila mmoja kuwa noti za kuandikwa; mwalimu wa bendi akazisahihisha, na vijana wakapewa karatasi mkononi. Tuliwasikia wakiujaribu utungo wa kwanza asubuhi moja yenye ukungu. Sajini alisimama pembeni, hakusema kitu, ila kisigino chake kilikuwa kikihesabu.

Utungo wa tatu umebaki nusu. Siku alipoketi kuupiga, sehemu yake ya pili ilikuwa imekwisha kumtoka. Alijaribu mara nyingi, akatikisa kichwa, akasema, "Mwezi uliopita nilikuwa nayo." Mwezi uliopita sisi tulikuwa tukilaumu waya.

Ndugu msomaji, ikiwa kikosini mwako yupo mzee mwenye wimbo usioandikwa, usingoje hafla ya kumuaga. Mtayarishie kiti, fuata njia ya amri kituo baada ya kituo, kisha umwache apige.