Wenyeji wa Mji katika Kanuni za Michezo ya Nafsi

Upo mchezo wa mezani ambao kila mchezaji hujitwalia nafsi ya mhusika mmoja, na msimamizi hujitwalia nafsi za watu wote waliosalia ulimwenguni. Usichanganywe na mchezo wa kuigiza wa jukwaani: hauna hadhira wala maneno yaliyotungwa kabla. Mchezaji hueleza atendalo mhusika wake, na penye shaka dadu huamua. Wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Mashujaa na mazimwi wake wameshughulikiwa vya kutosha. Mwokaji mikate na mlinda lango hawajapata bahati hiyo.

Mchezo huo ulitokana na michezo ya vita, ambamo kilichohesabiwa ni nguvu ya askari. Ndiyo sababu kipimo chake kikuu ni alama za uhai, ambazo huongezeka kadiri shujaa apandavyo daraja. Mtu wa mjini hakuwa na daraja la kupanda. Katika toleo la mwaka 1981 lililohaririwa na Tom Moldvay, alama zake hazizidi 4, na pigo moja la jambia laweza kuzimaliza zote.

Toleo la tatu, la mwaka 2000, lilijaribu kumrekebishia hali kwa kumpa madaraja yake mwenyewe. Hapo likazuka jambo la ajabu. Kwa kuwa ustadi ulifungamanishwa na daraja, na daraja na uhai, fundi mzee aliyebobea katika useremala alikuwa mgumu kuuawa kuliko askari kijana. Wakati huohuo mkulima wa daraja la kwanza aliweza kuuawa na makucha ya paka wa nyumbani, mzaha ambao wachezaji hawajauchoka hadi leo. Kosa si la paka. Kipimo cha vita kilitakiwa kueleza maisha yasiyokuwa ya vita.

RuneQuest, mchezo uliotolewa mwaka 1978, ulikwepa mtego huo kwa kupima kila ujuzi peke yake kwa asilimia. Mfinyanzi huweza kuujua udongo kwa asilimia 90 asijue kushika mkuki. Zaidi ya hayo, mwili wa shujaa haukui pamoja na sifa zake, hivyo mkuki wa mkulima ni wa kuogopwa na wote.

Njia nyingine haipimi mwili bali moyo. Katika toleo lililotajwa la 1981, mtu wa kawaida hupewa 6 kuwa namba ya ujasiri wake. Mapambano yanapomwelemea, msimamizi hurusha dadu mbili. Jumla ikizidi 6, mtu huyo hukimbia au husalimu amri. Hutokea hivyo kwa nafasi 21 katika 36. Kanuni hii ndogo humtendea haki kuliko alama zote za uhai, maana humruhusu kuogopa, na anayeogopa ana kitu asichotaka kukipoteza.

Linabaki suala la jina. Istilahi ya Kiingereza humtambulisha kwa ukosefu: mhusika asiye wa mchezaji. Neno raia lina asili ya Kiarabu, na huko lilimaanisha kundi la mifugo na pia watawaliwa, maana ambayo ingempendeza shujaa mwenye kiburi. Neno mwenyeji lafaa zaidi, kwa kuwa hugeuza uhusiano wote: shujaa sasa ni mgeni. Aingiapo dukani bila kubisha hodi, na kumpita mzee wa makamo ya babu yake bila shikamoo, msimamizi azungumzaye Kiswahili hahitaji dadu ili kujua kwamba bei ya kamba imepanda, na kwamba njia ya kwenda pangoni hakuna aijuaye.