Kubadili Kanuni Pasipo Kuharibu Kazi ya Waliotangulia



Katika chama chetu cha kompyuta hapa Ggaba, wanafunzi wapya huuliza kila mwaka: Kwa nini programu ya zamani, iliyoandikwa vizuri, ikitiwa katika kompyuta mpya hutoa jibu jingine? Nataka kulijibu swali hilo, maana linawahusu hata ninyi ndugu zetu mliosoma hapa zamani mkatuachia programu zenu.

Kompyuta huzitenga namba kwa aina. 78 ni namba kamili, na 78.5 ni ya desimali. Kila lugha ya programu ina kanuni za kuamua lini aina moja igeuzwe kuwa nyingine. Lugha ya Python, aliyoitoa Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991, iliifuata lugha ya C: namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu nalo likawa namba kamili, na kipande kilichobaki kikatupwa. Basi mwanafunzi aliyepata alama 78 na 79 aliandikiwa wastani wa 78, akalingana na mwenzake aliyepata 78 mara mbili. Lakini mwalimu akiandika 79.0 badala ya 79, jibu lilikuwa 78.5!

Kanuni hiyo haikufaa. Je, ingegeuzwa kwa siku moja? Haikuwezekana, kwa kuwa ziko programu zilizoitegemea. Tuseme mashua hapa mwaloni Ggaba huchukua watu 10, na watu 25 wanangoja. Programu ya kuhesabu mashua zitakazojaa yataka jibu 2. Kanuni ikigeuzwa itapata 2.5, na hakuna atakayeambiwa kwamba limebadilika jambo.

Hapo ndipo penye hatari. Programu ikisimama na kulalamika, mwenyewe ataitengeneza. Ikiendelea na kazi huku ikitoa jibu jingine, kosa laweza kukaa miaka.

Afrika Mashariki ilipata kuyaona mambo kama hayo katika fedha. Zamani rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza thamani ya rupia ilipanda, na mwaka 1920 serikali ya kikoloni ikaikaza kuwa shilingi 2 za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Daftari la mdeni halikubadilika hata herufi moja. Lilisema rupia 1,500 kama kwanza. Lakini deni la pauni 100 lilikuwa limekwisha kuwa pauni 150.

Wakuu wa Python walikwenda kwa hatua. Kwanza, katika toleo la 2.2 la Desemba 2001, waliongeza alama mpya, //, yenye kutoa namba kamili kila namba kamili inapogawanywa kwa namba kamili. Hivyo aliyeitaka maana ya zamani alipata njia ya kuiandika waziwazi. Pili, waliruhusu kila mtu kuweka mstari mmoja juu ya faili lake ili kanuni mpya itumike humo tu, faili nyingine zisiguswe. Tatu, waliweka onyo ambalo mtu angeweza kuliwasha ili aonyeshwe kila mahali palipo na mgawanyo wa shaka. Ndipo mwezi Desemba 2008, katika Python 3, kanuni mpya ikawa ya wote. Python 2 iliendelea kutunzwa hadi mwanzo wa mwaka 2020.

Hata hivyo kazi haikuwa nyepesi. Kilikuwako chombo cha kugeuza programu za zamani ziwe mpya, lakini mgawanyo kiliuacha kama ulivyo. Kikisoma a / b hakiwezi kujua kama mwandishi alikusudia alama za mtihani au mashua. Anayejua ni mwandishi peke yake.

Kwa hiyo, wenzangu, mkitaka namba kamili andikeni //, wala msiiachie kanuni iwaamulie. Nanyi mliotutangulia, tukiwaandikia barua kuuliza mlikusudia nini katika mstari fulani, tafadhali tujibuni. Wastani wa mtoto wa watu waweza kuwa umo katika mstari huo.