Kujinyima Chakula Ghafla: Kwa Nini Uzito Uliopotea Hurudi

Katika kata ya Chitete, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, mvua huanyesha mahindi kati ya Novemba na Aprili, na mavuno makubwa hupatikana mara moja kwa mwaka. Miezi ya Januari hadi Machi ndiyo migumu: mahindi ya zamani yanapungua kihengeni, na mapya hayajakomaa. Kaya yenye busara haingoji kihenge kiwe kitupu. Hupunguza kipimo cha unga mapema. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo chakula kinapopungua. Hauwezi kutambua kama chakula kimekosekana shambani au kama mwenyewe amejinyima kwa hiari ili apungue uzito.

Nia ya kupunguza uzito uliozidi ni njema. Uzito huo huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo; nao si tatizo la nchi tajiri peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Kosa huwa katika njia inayochaguliwa, hasa ile inayoahidi kupunguza kilo saba kwa siku saba.

Hesabu ya nishati

Ahadi hiyo yaweza kupimwa kwa hesabu ya darasani. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kilokalori 7,700 hivi. Ili kuteketeza kilo saba za mafuta kwa wiki moja, mwili ungelazimika kutoa akiba ya kilokalori 7,700 kila siku. Lakini watu wazima wengi hutumia kilokalori 2,000 hadi 2,500 tu kwa siku. Hata mtu asiyetia chochote kinywani hawezi kufikia theluthi moja na nusu ya kiasi hicho.

Mbona basi mizani hushuka upesi? Ini na misuli huweka akiba ndogo ya wanga iitwayo glaikojeni, yapata nusu kilo, na kila gramu yake hushikamana na gramu tatu hivi za maji. Mtu anapojinyima, akiba hii huisha katika siku chache za mwanzo na maji yake hutoka. Kilo mbili zimepotea, lakini mafuta ni kidogo sana. Mizani hupima uzito. Haitofautishi maji na mafuta. Mara tu mtu anapokula ugali wake wa kawaida, glaikojeni hurudi pamoja na maji yake.

Mwili hubana matumizi

Katika miaka ya 1944 na 1945, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alichunguza vijana 36 wa kiume waliojitolea. Kwa miezi sita walipewa kilokalori 1,600 hivi kwa siku. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yalipungua, walihisi baridi hata wakati wa joto, walichoka, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Nishati iliyotumiwa na miili yao katika mapumziko ilishuka kwa kadiri ya asilimia 40. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula kupita kiasi, na mafuta yalirudi upesi kuliko misuli.

Sababu mojawapo ilifahamika baadaye. Mwaka 1994 iligunduliwa homoni ya leptini, ambayo hutoka katika mafuta na kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Mafuta yanapopungua, leptini nayo hupungua, na njaa huongezeka. Utafiti wa Australia uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwaka mzima baada ya watu kupungua haraka, homoni zao zilikuwa bado zinachochea njaa. Kwa hiyo anayenenepa tena hakukosa tu uthabiti wa moyo. Anashindana na mwili unaodai akiba yake.

Madhara

Ubongo huhitaji glukosi, na mafuta hayawezi kugeuzwa kuwa glukosi ila kwa sehemu ndogo. Kwa hiyo mwili huvunja protini za misuli. Moyo nao ni msuli. Katika miaka ya 1977 na 1978, makumi ya watu walifariki Marekani baada ya kuishi kwa vinywaji vya protini badala ya chakula. Baadhi yao mapigo ya moyo yalivurugika ghafla. Kupungua kwa haraka huleta pia vijiwe katika mfuko wa nyongo, na upungufu wa madini kama potasiamu.

Hatari huwa kubwa zaidi kwa wanafunzi, kwa kuwa mifupa yao bado inajengwa. Msichana anayejinyima chakula aweza kupungukiwa damu, kukosa hedhi, na kushindwa kuzingatia masomo.

Njia ifaayo

Kupunguza kilokalori 500 kwa siku hutoa 3,500 kwa wiki, karibu nusu kilo ya mafuta. Ni mwendo wa polepole, lakini husaidia kuhifadhi misuli. Jambo hili halihitaji chakula cha dukani. Bonge la ugali lipunguzwe. Maharage, mboga za majani na matunda yaongezwe. Soda, sukari na vyakula vya kukaangwa viwe vya nadra. Kutembea na kazi ya jembe huulinda msuli. Mwenye kisukari au maradhi mengine, na mama mjamzito, amwone daktari kabla ya kubadili mlo wake. Na kila ahadi ya kupungua haraka ipimwe kwanza kwa hesabu.