Fundi, kabla ujaze Probox yako, piga hesabu ya kilo

Kama wewe ni fundi wa mjengo hapa Nairobi, unajua vile siku huharibika. Umefika Ruaka saa mbili asubuhi, mteja amesimama kando anakuangalia, kumbe biti ya kutoboa zege imebaki Kayole. Unatuma kijana na boda. Kazi inaanza saa nne. Mteja haoni biti iliyosahaulika, anaona fundi asiyejipanga. Na ile kazi ya jirani yake usahau.

Ndiyo maana msee wa mjengo akishika chapaa kidogo, wazo la kwanza ni gari. Na gari lenyewe mara nyingi ni Probox. Toyota waliitoa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi, sisi tukaifanya punda wa taifa. Imebeba miraa kutoka Meru, imebeba mayai, imebeba watu tisa mahali pa watano. Sasa ni zamu ya simiti na grinda. Shida ni kwamba wengi hununua gari halafu wanatupa vitu ndani. Hapo hujapata gari la kazi, umepata stoo iliyovurugika yenye magurudumu.

Kilo kwanza

Probox ya mizigo imeundwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Mkikaa watano, inashuka hadi kilo 250. Mfuko wa simiti ni kilo 50, kwa hivyo mifuko minane inamaliza hesabu yote. Lakini hiyo ni kama huna chombo hata kimoja ndani, na fundi gani huenda saiti mikono mitupu?

Fanya hivi. Beba vyombo vyako vyote upeleke kwa wale jamaa wa skrapu mtaani, wana mizani. Pima kila kitu, hata sanduku la vyombo lenyewe. Tuseme umepata kilo 120. Umebaki na 280, yaani mifuko mitano ya simiti na kilo 30 za misumari na vitu vidogo. Basi. Hesabu hii haihitaji digrii. Mimi niliacha chuo na nimeiweza.

Ukizidisha, gari litakuambia. Springi zinalala, taa zinamulika juu na kumpofusha anayekuja, matairi yanapata moto, breki zinachelewa kushika. Mtaani unaweza kuponea. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, buda, hakuna kuponea.

Kwa hivyo mchanga, kokoto na mifuko 20 ya simiti, acha hadwea ilete na pikapu au mkokoteni. Gari lako ni la vyombo na vile vitu vidogo ambavyo vikikosekana kazi inasimama.

Kila kitu na kwake

Kunja viti vya nyuma, usiving'oe. Logbuku imeandika idadi ya abiria, na kubadilisha gari bila kuuliza NTSA ni kutafuta maneno na polisi.

Kisha fuata sheria mbili. Vitu vizito vikae chini, mbele, vikigusa mgongo wa viti. Vitu vya kila siku vikae karibu na mlango wa nyuma, uvifikie bila kupanda ndani. Upande mmoja weka rafu ya plaiwudi iliyofungwa kwa bolti, isiwe ya kuegemezwa tu.

Kati yako na mzigo weka wavu wa chuma. Welda yeyote wa jua kali atakutengenezea. Usiuone kama urembo. Ukifunga breki ghafla, gari linasimama lakini nyundo haisimami, inaendelea na safari yake kuelekea kisogo chako. Hata ukiwa na wavu, funga mzigo kwa mikanda.

Vyombo vidogo vipange kwa kazi, si kwa ukubwa. Tafuta ndoo za rangi za lita 20 zilizoisha: moja ya umeme, moja ya mabomba, moja ya plasta na vigae. Mteja akipiga simu kuhusu mfereji unaovuja, unashuka na ndoo moja. Skrubu na misumari weka kwenye mikebe inayoonyesha ndani. Ukimaliza kazi, hesabu ndoo kabla ya kuwasha gari. Mwiko uliobaki saiti huwa haurudi.

Juu ya keria

Sakafu ya nyuma ina urefu wa takriban mita 1.8. Plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 haiingii mlango ukiwa umefungwa, kwa hivyo itapanda kwenye keria pamoja na mbao na ngazi. Funga mbele na nyuma, na kinachotokeza nyuma kifungie kitambaa chekundu. Rula za plasta na mabomba membamba yatoshee ndani ya bomba la PVC la inchi nne lenye vifuniko, lililofungwa kwenye keria moja kwa moja.

Vyuma vya D12 usijaribu. Kimoja kina mita 12. Hata ukikikunja katikati kinabaki mita 6, na Probox nzima ina kama mita 4.2.

Umeme, moto na wezi

Shimo la kuchomeka chaja pale mbele linatosha simu na chaja ndogo ya betri za drili. Grinda ya wati 850 itavuta zaidi ya ampea 70 kutoka betri ya volti 12. Fyuzi ya pale haibebi hiyo, itaungua hapo hapo.

Petroli, thina na mitungi ya gesi visilale ndani ya gari. Jua la mchana na madirisha yaliyofungwa ni njia fupi ya kupoteza kila kitu.

Wezi nao wana macho. Weka pazia jeusi nyuma, vyombo vya bei viwe ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Masanduku hayo Kamukunji wanayagonga kila siku. Lipige bolti kwenye sakafu. Usiku, drili na grinda zilale na wewe. Piga picha namba zake zote, maana bila namba huwezi kumthibitishia polisi kuwa ni yako.

Mwisho, bima. Usichukue ya gari la binafsi kisha ubebe mizigo ya kazi. Waambie wazi gari linabeba nini, upewe bima ya biashara. Ukificha, siku ya ajali ndiyo watauliza, na hapo umechelewa.

Na kama bado huna gari, usikimbilie mkopo. Kwa mwezi mmoja andika kila safari ya boda na mkokoteni, na kila saa uliyopoteza ukisubiri kitu kilichosahaulika. Jumlisha, kisha linganisha na mafuta, bima, sabisi na hiyo lipa pole pole. Ikiwa shida yako ni kusahau, ndoo tatu na kalamu zitaitatua kwa bei ya chini kuliko Probox.