Boila Ndiyo Inayoamua

Wanaokwenda kwenye makumbusho ya reli mjini York kuitazama Mallard, injini ya mvuke iliyokimbia kilomita 203 kwa saa mwezi Julai 1938, huondoka wakiisifia rangi yake ya buluu. Mimi husisitiza boila. Hiyo ikichoka, injini imekwisha kazi.

Shirika la reli la Uingereza liliachana na mvuke Agosti 1968, na injini nyingi zikauzwa kama chuma chakavu. Zilizopelekwa kwenye yadi ya Dai Woodham huko Barry, Wales, zilikaa miaka mingi zikipigwa na upepo wa chumvi, lakini wapenzi wa reli walifanikiwa kukomboa 213.

Kuifufua injini ya aina hiyo ni kazi nzito. Tanuri, ambalo kwa kawaida ni la shaba, limezungukwa na maji, na kuta zake zimeshikamanishwa na ganda la nje kwa vijiti vya chuma au shaba. Injini kubwa huwa na zaidi ya elfu moja. Moto ukiwaka kuta hutanuka, ukizimika hunywea, na vijiti hupindapinda hadi vikakatika. Basi fundi hujipenyeza ndani ya tanuri na nyundo ndogo, akagonga kimoja baada ya kingine. Kilicho kizima hulia kama kengele, kilichokatika hutoa sauti butu. Ili vijiti visikatike upesi, moto huwashwa taratibu, mara nyingi tangu siku ya kuamkia safari.

Cheti cha boila kwa kawaida hudumu miaka 10, na kila mwaka mkaguzi hupita. Muda ukiisha, mirija hung'olewa na boila kukaguliwa upya. Kwanza hupimwa kwa maji yenye shinikizo kubwa kuliko la kazini, kwani maji hayabanwi kama mvuke: chuma kikipasuka, huvuja bila kulipuka. Ukarabati wa injini maarufu ya Flying Scotsman, uliokamilika 2016, ulichukua kama miaka kumi na kugharimu zaidi ya pauni milioni 4.

Fedha hutafutwa, ujuzi ukipotea ni tabu kuurudisha. Kwa mfano, Tornado, injini mpya ya mvuke iliyokamilishwa Darlington, Uingereza, mwaka 2008, boila yake ilibidi itengenezwe Meiningen, Ujerumani.

Injini yetu ya mvuke ya aina ya Garratt, namba 5918, iitwayo Mount Gelai, iliyoko Makumbusho ya Reli Nairobi, nayo iliundwa Manchester. Ukimpata mzee aliyewahi kuzihudumia injini hizo, muulize habari za boila, na uyaandike majibu yake.