Pipa la divai na jogoo wa mavuno

Kila mmoja wetu anaujua mnada wa siku ya mavuno. Mkungu wa ndizi unaletwa mbele, unatajwa dola mbili, baba mmoja anasema tano, shemeji yake hakubali kushindwa, anasema kumi. Aliyeshinda analipa, halafu anarudisha ndizi zilezile ziuzwe tena kwa ajili ya kanisa. Kwetu paroisini kuna jogoo aliyeuzwa mara nne siku moja, na jioni akarudi kwa mwenyewe akiwa mzima.

Nilidhani mambo hayo ni ya kwetu tu. Novemba 2021, miezi sita baada ya Nyiragongo kutumwagia makoro, nilikwenda kumsalimia mdogo wangu anayeishi Dijon, Ufaransa. Shemeji anabeba mapipa kwa mfanyabiashara mmoja wa divai, na bosi wake akampa nafasi mbili za kuingia kwenye mnada wa Beaune, mji mdogo ulio karibu. Shemeji alisema miguu inamuuma. Ndivyo nilivyokwenda mimi.

Mnada huo unafanyika kila mwaka, Jumapili ya tatu ya mwezi wa Novemba, tangu 1859. Wanunuzi wanatoka Amerika, China, Japani, wengine wanapandisha bei kwa simu wakiwa kwao. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha sherehe na koti la mdogo wangu juu yake, kwa maana baridi ya huko haina huruma. Mlangoni walitaka cheti cha chanjo. Ndani hakuna kelele. Mtu anainua kidole kidogo tu, kama mtoto anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, na bei imepanda kwa maelfu. Niliweka mikono yangu miwili chini ya mapaja mpaka mwisho.

Mtaniuliza kama nilionja. Nilionja, kijiko kimoja. Divai inayouzwa pale imevunwa mwezi wa tisa uleule, bado changa, na inakwaruza ulimi kama ndimu. Anayeinunua analipa leo, kisha pipa linabaki kwa mafundi wa huko Bourgogne wailee mpaka ikomae. Pipa moja ni lita 228, karibu chupa 300. Mwaka ule mapipa yalikuwa machache, maana baridi kali ya Aprili ilikuwa imeunguza machipukizi ya mizabibu, na kila kitu kilikuwa ghali.

Lakini fedha haziendi kwa tajiri wa shamba. Mwenye shamba ni hospitali.

Ndiyo, hospitali. Inaitwa Hospices de Beaune. Jengo lake la zamani, Hôtel-Dieu, bado limesimama ng'ambo ya barabara, paa lake la vigae vya rangi kama kitenge kipya. Lilijengwa na bwana Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mke wake Guigone de Salins, mwaka 1443. Nilipomsikia kiongozi wa wageni akieleza hali ya nchi wakati ule, nilisimama. Vita vilikuwa vimedumu miaka mingi sana. Askari wasiolipwa mshahara walizunguka vijijini wakinyang'anya watu, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia mjini pamoja na wakimbizi. Nilimtazama yule kijana akisoma historia ya mababu zake kwenye karatasi, nikasema moyoni, mwanangu, hayo mimi nimeyaona Sake.

Mgonjwa wa kwanza alipokelewa tarehe 1 Januari 1452. Ukumbi mkubwa una vitanda viwili safu, kila kimoja na pazia jekundu, na mwisho wake kuna kanisa dogo, mgonjwa aweze kusikia misa akiwa amelala. Masista waliwahudumia wagonjwa humo kwa zaidi ya miaka 500, mpaka 1971 walipohamishiwa jengo jipya. Bwana Rolin alipofariki mwaka 1462, mama Guigone ndiye aliyeisimamia hospitali mpaka kifo chake mwenyewe, mwaka 1470. Wamemzika mlemle.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwaka 1457 mama mmoja, Guillemette Levernier, aliipa hospitali mizabibu. Hakutoa fedha. Hakutoa divai. Alitoa shamba. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, wengi kwa wosia wa kufa, na leo hospitali ina hekta karibu 60. Divai nyingi zinauzwa kwa jina la aliyetoa shamba, na iko moja yenye jina la masista wenyewe. Msimamizi wa mashamba yote tangu 2015 ni mwanamke, Ludivine Griveau, wa kwanza katika kazi hiyo.

Siku hiyohiyo kuna pipa moja linalouzwa kando, na fedha zake hupewa mashirika ya msaada. Mwaka ule lilitolewa kwa shirika linalosaidia wanawake wanaopigwa majumbani na kwa Institut Curie, wanaotibu kansa ya matiti. Bei ilipofika euro 500,000 nilidhani imekwisha. Wakaendelea. Ilisimama kwenye 800,000. Watu walipiga makofi wakiwa wamesimama, na mama mmoja mzee aliyekaa karibu nami, shanga za lulu shingoni, alikuwa akilia bila kujificha. Tulishikana mikono. Sikujua Kifaransa cha kumwambia wakati ule, kilinikimbia chote.

Ninawaandikia haya kwa sababu ya mfuko wetu wa maternite. Mwezi uliopita tulimtoa mama aliyepasuliwa, akabaki siku 19 hospitalini na mtoto wake kwa sababu faktire haijalipwa. Tulilipa, tukafurahi, na sanduku likabaki na franka za kununua sabuni. Wiki hii kuna wengine wawili. Kila mwaka tunauza jogoo, tunakula jogoo, tunaanza tena na sanduku tupu. Mimi pia nilikuwa mweka hazina miaka mitatu, sijitoi katika lawama hiyo.

Mama mmoja wa chama chetu, mjane, amesema ana mistari ya kahawa upande wa Minova ambayo watoto wake hawana haja nayo. Anataka kuiandika kwa jina la chama, mbele ya chifu na watoto wenyewe. Wako wanaosema Minova ni mbali na njia haina usalama, tumwombe auze atupe fedha. Hofu hiyo si ya bure. Lakini kahawa ikichumwa inaweza kupita ziwani kwa boti, na wanunuzi wa kahawa nzuri ya Kivu wapo.

Tutaizungumza Jumapili, baada ya ibada ya pili. Mjane mwenyewe atakuwepo. Ameomba watakaokubali waje pia na majembe yao mwezi ujao, kwa kuwa majani yamefika magotini.